Kibuyu Nilichokiosha kwa Sabuni

Alhamisi ya wiki iliyopita nilikuwa mbele ya ubao, chaki mkononi, nawafundisha watoto wa darasa la tatu habari za mikrobe, vile vijidudu vya magonjwa. Nilikuwa nimefika kwenye sehemu ya mikono na vyombo, sehemu ambayo kila mwaka naipitia mbiombio kwa sababu zangu mwenyewe, moshi ulipoingia dirishani. Jirani wa shule alikuwa anachoma mchaichai mkavu alioukata kwenye mteremko wake. Hapa Bukavu wengi wetu tunaupanda pembezoni mwa kiwanja ili udongo usitutoroke mvua ikinyesha, kisha ukikauka tunaukata na kuuchoma. Watoto walianza kukohoa kwa makusudi, kama watoto wanavyopenda. Mimi nilisimama tu. Mmoja akaniuliza kama naumwa, nikamwambia hapana, nimemkumbuka mtu.

Mtu huyo ni koko wangu, mama yake papa, yaani mama wa baba yangu, aliyetuacha miezi minane iliyopita. Nasema koko kwa sababu kwetu hakuna anayesema bibi. Katika miezi hiyo minane sikuwa nimelia vizuri. Nililia msibani, ndiyo, pamoja na wengine wote, huku nikiwa na masufuria ya kusimamia na wageni wa kuwatafutia viti. Kile kilio cha mtu kukaa chini peke yake kilikuwa hakijanijia. Kilianza kunijia pale darasani, katika somo la mikrobe, na mkishasikia kisa chenyewe mtaona kwamba hakikukosea siku.

Tuliishi mtaa wa Cimpunda, hapahapa Bukavu, katika nyumba ya mbao na udongo iliyong'ang'ania mteremko, juu ya paa la jirani mmoja na chini ya choo cha jirani mwingine. Waliokulia huko wanaijua hesabu hiyo. Koko alikuja kuishi nasi kabla sijaanza shule. Alitoka Mumosho, kule upande wa Ruzizi, baada ya watu wenye bunduki kuwachukua ng'ombe wa kijiji chao wote na kuichoma nyumba yake. Alikuja na pagne, kitenge alichokivaa, rozari, na kibuyu cha kusukia maziwa alichokuwa amekibeba mgongoni, kimefungwa kwa kitambaa. Mama yangu alipenda kusimulia jinsi alivyomfungulia mlango siku ile, akamwonea huruma, akamuuliza, "Karibu, mama. Na huyu mutoto, ni wa nani?"

Kibuyu hicho kilining'inia kwenye msumari juu ya kitanda cha koko, nami nililala naye kitanda kimoja, kwa hiyo nilikuwa nikikitazama kila siku kabla ya usingizi. Nje kilikuwa cha rangi ya kahawia na kiling'aa kwa kushikwashikwa. Ndani kilikuwa cheusi tititi. Kila Jumamosi asubuhi koko aliweka makaa kwenye kigae cha chungu kilichovunjika, akatia vijiti alivyokuwa akiletewa kutoka kwao, akakigeuza kibuyu mdomo chini na kukifukiza moshi. Alifanya hivyo wiki baada ya wiki, na hatukuwa na maziwa, wala ng'ombe, wala nafasi ya kufuga hata sungura.

Siku moja nilimuuliza ndani ya kibuyu kuna nini. Akajibu, "Ndani iko kwetu." Mimi nilikuwa mtoto wa kuamini ninachoambiwa. Alipotoka nilipanda kitandani, nikafumba jicho moja na kuchungulia kwao koko kwa jicho la pili. Nikaona giza, nikasikia harufu ya moshi, siagi ya zamani, na kitu kingine kama shingo ya mtu aliyeamka sasa hivi. Nikahitimisha kwamba kwao ni kuchafu.

Ndipo nikafika darasa la tatu, na mwalimu wetu akatundika ubaoni picha ya mikrobe. Walikuwa na meno na miguu mingi, na mmoja alikuwa anacheka. Mwalimu alisema wanapenda penye giza, penye mafuta na penye harufu, na kwamba wakimwingia mtu anaanza kukohoa, na asipotibiwa anakufa. Nilirudi nyumbani siku hiyo nikiwa nimelowa jasho. Giza lilikuwepo kibuyuni. Mafuta yalikuwepo. Harufu ilikuwepo. Na koko wangu alikuwa anakohoa, kila Jumamosi zaidi ya siku nyingine, mara tu anapomaliza kukishika kibuyu chake. Sikuhitaji daktari wa kunieleza.

Nataka mniamini kwamba nilifanya nilichofanya kwa mapenzi. Nilimpenda koko kuliko mtu yeyote duniani, na nilikuwa na hakika kwamba nisipomwokoa mimi hakuna atakayemwokoa, maana watu wazima wa nyumba ile hawakuiona ile picha. Jumatano mchana koko alikwenda kwenye sala ya kina mama parokiani. Mama alikuwa sokoni Kadutu. Nilikitungua kibuyu, nikakipeleka nyuma ya nyumba, nikachukua bidoni nzima ya maji, na aliyepandisha maji Cimpunda anajua bidoni nzima ni nini. Nikatia sabuni ya unga, nyingi, na kokoto za kukwangulia, nikakiziba mdomo kwa kiganja na kukitikisa mpaka mikono ikafa ganzi.

Maji ya kwanza yalitoka meusi kama kahawa. Ya pili yalitoka kama chai. Vilikuja na vipande vya kitu cheusi, laini, kama maganda, na kila kipande kilichoanguka nilikikanyaga kwa kisigino ili mikrobe wasitoroke. Maji ya mwisho yalipotoka meupe nililia kwa furaha. Nikakiweka kibuyu juani, juu ya bati la jiko. Kilinukia maua, kama nguo za mwalimu wangu.

Koko alirudi na rozari yake mkononi. Nilimkimbilia, nikamshika mkono, nikampeleka hadi jikoni nimwonyeshe. Alikitazama kibuyu, akakichukua, akakiinua hadi puani. Akakishusha. Akakiinua tena. Alifanya hivyo mara nyingi, kama anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo ana hakika kuna watu. Kisha akakaa chini, palepale kwenye vumbi, yeye aliyekuwa hakai chini bila kutandika kitu.

"Nani alifanya hii?" akauliza.

"Ni mimi, koko. Nilitosha mikrobe yote. Sasa hautakufa."

Alikumbatia kibuyu, akainamisha uso, na nikaona mabega yake yakitikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona koko akilia, wala sikujua kwamba wazee hulia. Mama alipofika na kuona, alivua kandambili yake moja, na najua aliivua kwa ajili gani. Koko aliinua kichwa.

"Umuache," alisema. "Ni mutoto. Alitaka kunisaidia."

Afadhali wangenipiga. Kwa siku mbili koko hakunisimulia kitu kitandani, alilala ameukabili ukuta. Usiku wa pili nilimfuata mama, nikamuuliza ni kitu gani hasa nimeharibu, maana kibuyu hakikupasuka. Mama alikuwa bado ana hasira kidogo, lakini alinieleza. Kibuyu cha maziwa hakiguswi na sabuni, hata na mjinga. Kinafukizwa. Ule weusi wa ndani ulikuwa moshi wa mama yake koko, aliokiwekea tangu koko akiwa msichana, na juu yake moshi wa koko mwenyewe, mwaka juu ya mwaka, na ndio uliokuwa ukiyapa maziwa yao ladha yao. Kila nyumba ina yake.

"Nyumba yao iliungua, ngombe ilienda, mama yake alikufaka zamani," mama alisema. "Ile harufu njo ilikuwa imebakia."

Nilielewa kwa namna yangu. Nilielewa kwamba nimemuua mama yake koko, nimemkanyaga kwa kisigino, kipande baada ya kipande, nyuma ya nyumba. Sikuweza kula. Nilikwenda shule, nikaitazama ile picha ya mikrobe, na yule anayecheka nikamwona ananicheka mimi.

Jumamosi asubuhi koko aliniita jikoni. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kibuyu kwenye mapaja.

"Kuya hapa, Nsimire. Wewe njo uliosha, wewe njo utarudisha. Leta makala."

Kwanza tulikisuuza kwa maji ya moto na majivu, mara tatu, mpaka ile harufu ya maua ikapungua kiburi. Kisha akanionyesha namna ya kupanga makaa yasiwake, yatoe moshi tu, na namna ya kukishika kibuyu kwa mikono miwili, mdomo chini, bila kugusa kigae. Unakigeuza polepole ili moshi ufike pande zote. Unahesabu Salamu Maria kumi. Unakiziba kwa jani la mgomba, unakiacha kipumue, unaanza tena. Moshi ulipompiga usoni alikohoa, nami nikataka kukiachia.

"Koko, moshi itakuua."

"Kukohoa iko yangu. Wewe shika."

Vijiti vya kutoka Mumosho vilikuwa vimekwisha, na yule aliyekuwa akivileta alikuwa amehamia Luhwindja kutafuta dhahabu. Mti wenyewe hauoti Cimpunda. Tukatumia vijiti vya mpera, vya ua wa jirani. Halafu, makaa yalipokuwa yanataka kuzimika, koko alitia mkono chini ya kitenge, akatoa kifungu kidogo cha mchaichai mkavu. Kabla ya kukitupa aligeuka na kuangalia mlangoni, upesi, kama mtu anayeongeza chumvi kwenye sufuria isiyo yake. Kisha akakitupa. Moshi ukabadilika, ukawa mtamu.

"Na hii ni nini?" nikauliza.

"Sitroneli. Nyamaza."

Nilidhani anamwogopa mama yangu, ambaye mchaichai aliutunza kwa ajili ya chai. Nilifurahi sana kuwa na siri na koko baada ya siku zile za ukuta, na kuanzia hapo kila Jumamosi, alipoangalia mlangoni, na mimi niliangalia pamoja naye.

Mara ya kwanza tulipopata maziwa ilikuwa baada ya majuma mengi. Tonton mmoja, mjomba wa kijiji kingine aliyebaki na ng'ombe, alitutumia kibidoni. Tuliyaacha yagande, tukayasuka kwa zamu, mimi na koko, kibuyu kikiteleza mapajani mwetu mbele na nyuma, mpaka siagi ikajishika. Tulikula jioni hiyo, siagi kwenye viazi vitamu na mashanza, yale maziwa ya mgando, kwenye bakuli, kama watu wa Mumosho. Ilikuwa na ladha ya sabuni. Papa alitafuna, akameza, akaomba tena, na hadi leo sijaona mwanamume akimpenda mama yake namna hiyo. Koko alionja kwa ncha ya kidole.

"Imerudi?" nikamuuliza.

"Bado," akasema. "Tuendelee."

Tukaendelea. Sabuni ilitoweka kabla sijamaliza darasa la nne. Weusi ulianza kurudi, kwanza kama kivuli, kisha ukashika. Siagi ikawa nzuri, hata wageni wakaisifu. Kila mara nilimuuliza koko kama imerudi, na kila mara alinusa, akafikiri, akasema bado. Nilipoingia sekondari alisema bado. Nilipotoka chuo cha ualimu, nikaja nyumbani na diploma yangu, nikaenda moja kwa moja kunusa kibuyu, akasema bado. Siku ya harusi yangu shangazi mmoja alitania kwamba mume wangu anaoa mwanamke anayenuka moshi. Mume wangu akasema ndiyo, hapo njo alinipendea. Koko alicheka mpaka akashika mbavu, lakini nilipomuuliza, jibu lilikuwa lilelile.

Na siku zake za mwisho, alipokuwa kitandani na amebaki mdogo kiasi kwamba ningeweza kumbeba yeye mgongoni, nilimpelekea kibuyu. Alikinusa kwa muda mrefu. Nilimuuliza kwa mara ya mwisho, nikimwomba Mungu amfanye adanganye. Alitabasamu, akanipapasa shavu, akasema, "Bado, mutoto wangu."

Mnaelewa basi nilibaki na nini. Walipogawana vitu vyake, pagne zilikwenda kwa mashangazi na rozari kwa papa, na kibuyu hakuna aliyebishana nami. Nilikitundika kwangu, nikaendelea kukifukiza Jumamosi baada ya Jumamosi kama alivyonifundisha, lakini kwa moyo wa mtu anayefagia nyumba ambayo mwenyewe hatarudi. Shuleni, somo la mikrobe likifika kwenye vyombo, nawaambia watoto waoshe kila kitu isipokuwa kibuyu cha maziwa, hicho wamuulize koko kwanza. Wanacheka. Mimi sichekagi.

Moshi ule wa Alhamisi ulinisukuma. Jumamosi nilikifunga kibuyu kwa kitambaa mgongoni, nikapanda taksi-moto hadi Mumosho. Dereva aliniuliza mtoto ana siku ngapi. Nilimwambia ni mzee kuliko yeye.

Nilikuwa namtafuta mdogo wake koko, mtu pekee aliye hai aliyekunywa maziwa ya nyumba ya mama yao. Nilimkuta uani akichambua maharage kwenye ungo. Alinifinyia macho.

"Wewe ni nani?"

"Ni Nsimire, mujukuu wa dada yako. Nilikuletea kitu unuse."

Nilimpa kibuyu, na kabla hajakiinua nikamwambia yote, maana nilikuwa nimechoka kuyabeba. Nilimwambia sabuni, kokoto, kisigino. Nilimwambia kwamba harufu ya mama yao niliimaliza mimi, na kwamba kwa miaka yote hii nimejaribu kuirudisha, na dada yake alikufa akiniambia bado. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akaweka ungo chini, akatia pua kwenye mdomo wa kibuyu, akafumba macho.

"Hapana," alisema baada ya muda. "Mama haiko humu."

Nilijua. Miaka yote nilijua, lakini kuambiwa ni kitu kingine. Yeye alikuwa bado hajatoa pua. Alinusa tena, akakunja uso, akanusa mara ya tatu, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, kama dada yake alivyolia jikoni kwetu. Alikuwa anacheka.

"Ile mukorofi," alisema. "Aliweka sitroneli."

"Ndiyo, koko. Kila mara."

"Mama alikuwa anamukataza kila Jumamosi. Anasema, maziwa si chai. Anamufukuza na fagio. Lakini yeye anangojea mama atoke, anaangalia kwa mulango, anaweka. Mama akirudi, ananusa, fagio inaanza tena." Alijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hii si harufu ya mama. Hii iko yeye. Hii iko dada yangu, mwenyewe."

Nilikaa chini kwenye vumbi, bila kutandika kitu. Nilimwona koko kwenye kigoda chake, kifungu mkononi, akigeuka kuangalia mlangoni. Hakuwa akimwogopa mama yangu hata kidogo. Alikuwa mwanamke mzee wa Cimpunda anayemwogopa mama yake, aliyezikwa Mumosho miaka mingi nyuma, asije akamkuta na mchaichai. Na nilimlilia pale, kwa sauti, nikiwa nimekikumbatia kibuyu kilichojaa yeye, yeye niliyedhani amekwisha, kumbe nimekuwa nikimfukiza kila wiki.

Koko mdogo aliniacha nilie. Nilipotulia aliniletea maji, akaketi karibu yangu.

"Na wewe," akauliza, "unaongezaka nini?"

"Hakuna kitu, koko. Minafuataka tu vile alinionyesha."

Alinitazama kama mtu anayetazama sufuria iliyotolewa motoni mapema. Akaniwekea kibuyu mikononi, akarudi kwenye ungo wake.

"Basi, bado," alisema.

Jana ilikuwa Jumamosi. Binti yangu, aliye darasa la pili, alinisaidia kuleta makaa. Alishika kibuyu kwa mikono miwili, mdomo chini, ulimi nje kwa bidii, akihesabu Salamu Maria zake na kuruka mbili. Niliweka vijiti vya mpera. Niliweka mchaichai. Makaa yalipokuwa yanataka kuzimika nilitia mkono mfukoni, mlimokuwa na ganda kavu la chungwa nililokuwa nimelihifadhi tangu Jumatatu. Lakini niliangalia mlangoni kwanza.